Tatu Isigeuke Nane

Kila kontena linaloshushwa katika Bandari ya Dar es Salaam lina namba yake: herufi nne, tarakimu sita, halafu tarakimu moja ya mwisho ambayo mlangoni mwa kontena hufungiwa kisanduku chake peke yake. Hiyo ya mwisho ni mlinzi. Kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 6346, kila herufi ina thamani yake na kila nafasi ina uzito wake, unaoanzia 1 na kuongezeka maradufu hadi 512. Ukizidisha, ukajumlisha, ukagawanya kwa 11, kinachobaki ndicho mlinzi huyo. Mfano unaotumiwa sana kufundishia ni CSQU 305438. Jumla yake ni 6,185, ukigawanya kwa 11 inabaki 3, kwa hiyo namba kamili inaishia na 3. Sasa tuseme wino umevimba, ile tatu ya mwanzo imefunga midomo yake, karani akaisoma nane. Jumla inapanda hadi 6,265, inabaki 6, na mfumo unaikataa namba pale pale. Karani anarudi kwenye karatasi, anaisogeza kwenye mwanga, anaiona tatu.

Uzito hauna mlinzi wa namna hiyo. Kilo 23,600 zikisomeka 28,600 hakuna hesabu itakayopiga kelele. Bei iliyoandikwa kwenye ankara haina mlinzi, wala idadi ya maboksi, wala namba ya chasisi ya gari lililotumika kutoka Japani, ambalo pengine ndilo shehena inayojulikana kuliko zote katika mji huu. Ndiyo maana mtu akiniuliza printa gani ya wino inafaa ofisi yake, sianzi na rangi. Nataka kuona tatu zake kwanza.

Wauzaji wa Kariakoo hawakuonyeshi tatu. Wanakuonyesha maua, au kasuku, kwenye karatasi ya picha inayong'aa. Ni onyesho zuri na halina uongo ndani yake, ila linajibu swali ambalo hukuuliza. Karatasi ile imepakwa tabaka maalumu linaloshika kila tone pale lilipoangukia, na jicho nalo lina huruma kwa ua: hakuna anayejua ua lile lilikuwa jekundu kiasi gani. Ofisini kwako utatia karatasi nyeupe ya kawaida, na kitakachotoka ni ankara, orodha ya mizigo na barua ya kuomba msamaha wa tozo za kuchelewesha kontena. Huko hakuna kasuku.

Kisha kuna namba za kwenye boksi. Printa moja imeandikwa nukta 4,800 kwa inchi, ya jirani yake 5,760, na mnunuzi anadhani ya pili ni kali zaidi. Tupige hesabu. Inchi ni milimita 25.4. Ukiigawa kwa 5,760 unapata nafasi ya kama mikroni 4.4, yaani sehemu nne na ushee kati ya milioni za mita moja. Tone la wino la printa nyingi za ofisi lina ujazo wa pikolita 3 au 4, na pikolita ni sehemu moja ya trilioni ya lita. Ni dogo mno, lakini hata hivyo tone la pikolita 4 likiwa bado hewani lina upana wa karibu mikroni 20, na likishapiga karatasi ya kawaida hutanuka, mara nyingi kufikia maradufu. Nukta ya mikroni 40 haiwezi kuchora kitu cha mikroni 4. Ile 5,760 inasimulia jinsi mota inavyoweza kukisogeza kichwa cha wino hatua ndogo ndogo. Haisimulii udogo wa kile utakachokisoma. Kwa umbali wa sentimita 30, jicho zima hutenganisha vitu vilivyoachana kwa karibu milimita 0.09, ambayo ni sawa na nukta 300 hivi kwa inchi. Zaidi ya hapo faida iko kwenye ulaini wa kingo za herufi na wa rangi zinazofifia. Faida hiyo ipo kweli, ila haikui kwa mwendo wa namba za kwenye boksi.

Kinachoamua, katika mji wetu, ni karatasi. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza fedha wakidhani wameondoa tatizo kwa kubadilisha printa.

Anza na uzito. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikiwa ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba, karatasi moja ina gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ina kilo 2.5 kasoro chembe. Ikiwa ni ya gramu 70, rimu haifiki kilo 2.2. Kariakoo haikosi mizani. Omba uazimwe ya muuza dagaa ikibidi. Rimu iliyoandikwa 80 ikisoma kilo mbili na robo, ama umeuziwa nyepesi, ama karatasi hazifiki 500. Tena unyevu wa pwani huongeza uzito wa karatasi, haupunguzi, kwa hiyo mizani yenyewe inampendelea muuzaji.

Uzito tu hautoshi. Karatasi ni nyuzi za mti zilizolala ovyo, na wino wa printa hii asilimia kubwa ni maji. Kiwanda kizuri huzitia nyuzi dawa na kupaka wanga juu yake ili zisinywe upesi. Kiwanda kinachobana matumizi huacha karatasi inyonye wino kama chapati inyonyavyo mchuzi, na hapo ndipo utaona vijinywele vinatambaa kutoka kwenye kingo za herufi, matumbo ya "e" na "a" yanajaa, na maandishi ya upande wa kwanza yanachungulia upande wa pili. Kipimo chake hakina gharama. Chovya kidole kwenye maji, dondosha tone moja juu ya karatasi, utazame. Tone likikaa limetuna kwa muda, karatasi imetiwa dawa ya kutosha. Likizama na kuacha doa papo hapo, usiprintie humo chochote chenye herufi ndogo. Baadhi ya rimu zina nembo ya ColorLok. Maana yake karatasi imetiwa chumvi ambayo hukutana na wino na kuilazimisha rangi igande juu badala ya kuzama. Kwa wino mweusi wa chembechembe tofauti inaonekana kwa macho matupu.

Halafu hewa. Maabara za karatasi hupima kwa nyuzi joto 23 na unyevu wa asilimia 50. Ndiyo hali iliyowekwa na ISO 187, na vipimo vya printa navyo hufanyika katika hali ya kufanana na hiyo. Chumba cha namna hiyo kipo Dar es Salaam: kipo ghorofani, Mtaa wa Samora au Sokoine Drive, kiyoyozi kikiwa kinanguruma. Kwenye duka la steshenari lenye mlango wazi Mtaa wa Msimbazi, asubuhi ya masika mwezi Aprili, unyevu hupita asilimia 80 bila taabu. Karatasi iliyolala wazi usiku kucha inaamka imelegea. Wino unatanuka zaidi, karatasi inajikunja ikitoka, mbili zinaingia kwa pamoja, ya tatu inakwama. Mteja anasema printa mbovu. Kumbe printa ile ile ingepandishwa ghorofani ingesifiwa. Dada wengi wa steshenari wanajua dawa yake ingawa hakuna aliyewafundisha darasani: rimu haikai sakafuni kwenye saruji, inakaa juu ya chaga au rafu, haifunguliwi mpaka ihitajike, na ikibaki nusu inarudishwa kwenye ganda lake, kwa kuwa ganda hilo limetiwa tabaka la kuzuia unyevu. Ganda la rimu ndilo kitu chenye thamani ambacho ofisi nyingi hutupa kwanza.

Kwa hiyo anayekwenda kununua printa aende na karatasi zake mwenyewe, kumi tu, ndani ya bahasha, na faili la majaribio kwenye flashi. Ndani ya faili lake aweke mistari kadhaa ya tarakimu zinazofanana, 3 8 6 9 0 5, na herufi B, S na O zilizochanganyika humo, kwa saizi 12, kisha 8, kisha 6. Aweke maandishi meupe juu ya kisanduku cheusi. Aweke mistari miembamba, wima na mlalo, kwa sababu printa inaweza kuchora mlalo ulionyooka huku wima wake ukipinda kama kichwa hakijapangwa sawa. Aweke eneo kubwa jeusi tii. Na aweke alama ya QR ndogo, ya ukubwa ule anaouona kwenye hati zake za kila siku.

Akishatoa, asisome kwanza, atazame. Kioo cha sonara kinachokuza mara kumi ni kitu rahisi kupatikana mjini, na kamera ya simu ikisogezwa vizuri inatosha. Mwaka 2001 wataalamu waliandika kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 13660, kinachotaja kasoro za maandishi moja moja: ukingo wenye ukungu, ukingo wenye meno, herufi yenye matobo ndani, weusi usiolingana, vumbi la rangi mahali palipotakiwa kuwa peupe. Chini ya kioo utaziona zote, na kila moja ina baba yake. Meno na vijinywele ni karatasi. Vitone vidogo vilivyoambatana upande mmoja wa herufi ni mkia wa tone uliokatika wakati kichwa kinakimbia. Punguza kasi, chagua ubora wa juu kidogo, uone kama vinapungua. Michirizi myeupe iliyopita katikati ya eneo jeusi, kwa vipimo sawasawa, ni nozo zilizoziba. Hii ya mwisho haihukumiwi mpaka utoe ile karatasi ya kupimia nozo, ambayo kila printa ya aina hii inaweza kuitoa. Ukiona pengo, safisha kichwa mara moja, upime tena. Muuzaji akikwambia usafishe mara tano, hiyo printa imekaa dukani muda mrefu.

Kuhusu alama za QR kuna kosa dogo la kufikiri ambalo limeenea. Watu wanaona simu imeisoma, wanasema printa ni safi. Alama hiyo ilibuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na waliibuni wakijua kiwandani kuna uchafu. Ina ngazi nne za kujirekebisha: ya chini kabisa huvumilia uharibifu wa karibu asilimia 7, ya juu kabisa asilimia 30. Simu kusoma kunaonyesha kwamba alama imesamehe, tena inasamehe kasoro ambazo tarakimu zilizoandikwa chini yake haziwezi kuzisamehe. Msimbo wa mistari, ule wa zamani, ni mkali zaidi kwa jambo hili: wino ukitanuka, mistari myeusi inanenepa, myeupe inakonda, na skana inabaki kimya.

Sasa wino wenyewe. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa kwenye maji, na kuna wino ambao rangi yake ni chembechembe ngumu zinazoelea. Wa kwanza unapendeza kwenye picha. Wa pili hukaa juu ya karatasi, ni mweusi zaidi, na ukikauka hauogopi maji sana. Printa nyingi huchanganya: nyeusi ya chembechembe, rangi tatu za kuyeyuka. Nyingine, hasa za bei ya chini zenye matangi ya kujazia, hata nyeusi yake ni ya kuyeyuka. Boksi halipigi kelele kuhusu hilo. Kidole kilicholowa kinapiga. Toa ukurasa, subiri saa moja, pitisha kidole chenye maji juu ya mstari, kisha pitisha kalamu ya kung'arishia maandishi, kisha piga muhuri. Muhuri usisahaulike, kwa sababu hapa kwetu hati haijawa hati mpaka ipigwe muhuri, na wino wa muhuri ukikutana na wino wa kuyeyuka huweza kuondoka na tarehe.

Kipimo hiki kinaweza kuonekana cha mtu mwenye wasiwasi mno. Fikiria basi safari ya karatasi. Tamko la forodha linaingizwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA), malipo yanafanywa kwa simu au benki, kila kitu kiko kwenye kompyuta. Lakini kontena linalokwenda Lubumbashi linapanda lori, na dereva anabeba bahasha. Bahasha hiyo itafunguliwa mizani ya Vigwaza, itafunguliwa tena njiani, itafunguliwa Tunduma, itavuka Nakonde, itapita Zambia hadi Kasumbalesa. Itashikwa na mikono yenye jasho na yenye grisi, italala juu ya dashibodi kwenye jua, itanyeshewa mtu akikimbia nayo kutoka kwenye lori hadi dirishani. Hayo yote ni zaidi ya kidole kilicholowa.

Mwanga nao una kazi yake. Tazama mabango ya mitindo ya nywele kwenye vibanda vya saluni: nyekundu na njano zimekwenda, sura zote zimebaki bluu. Wino wa kuyeyuka una udhaifu huo huo, na wala hauhitaji miaka. Hati za ofisini hukaa kwenye faili, gizani, kwa hiyo nyingi husalimika, lakini zinatakiwa zisalimike muda mrefu: sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa afisa uwezo wa kudai nyaraka ndani ya miaka mitano tangu mzigo kuingia. Wafanyabiashara walishapata funzo kwenye risiti za mashine za kielektroniki za EFD, zilizoanza mwaka 2010. Zile hazina wino kabisa. Karatasi yenyewe hubadilika rangi kwa joto, na joto hilo hilo huifuta. Mhasibu mwangalifu huitoa kopi risiti siku ile ile na kuzibana pamoja. Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa, ziko kumbukumbu za utawala wa Wajerumani ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia mwaka 1997, na bado zinasomeka. Sidai ankara za betri na matairi zifike huko. Miaka mitano tu.

Mafundi wa printa wa Kariakoo watakwambia jambo ambalo hakuna jaribio la dukani litakalokuonyesha: printa ya wino inahukumiwa baada ya mwezi. Kuna njia mbili kuu za kurusha tone. Canon waliipata ya kwanza mwaka 1977, pale mhandisi wao Ichiro Endo alipoona wino ukiruka baada ya kifaa cha kulehemu chenye moto kugusa sindano yenye wino. Joto linazalisha kiputo, kiputo kinasukuma tone. Njia ya pili, ambayo Epson wameishikilia, hutumia kipande kinachojikunja kwa umeme na kulikamua tone bila joto. Kwa mnunuzi tofauti iko kwenye bili. Kichwa cha joto mara nyingi kimo ndani ya katriji, ukiibadilisha umepata kichwa kipya. Kile cha kujikunja kimefungwa ndani ya mashine, na kikikauka, bei ya kukibadilisha inakaribia bei ya printa. Na hukauka vipi? Printa ikimaliza kazi hurudisha kichwa kwenye kikofia chake pembeni. Umeme ukikatika katikati ya ukurasa, kichwa kinabaki uchi mahali kilipofika. Ukirudi baada ya dakika kumi hakuna neno. Ukirudi Jumatatu, kichwa kimeziba. Ndipo mtu anasafisha mara nane mfululizo, wino wote unakwenda kwenye sponji ya uchafu iliyo chini ya mashine, kihesabio kinafika ukomo, printa inajifunga, na fundi anaitwa kui-riseti. Betri ndogo ya kuhimili umeme ingekugharimu kidogo kuliko yote hayo.

Wino wa kujazia nao una historia ya mtaani. Kabla viwanda havijaleta printa zenye matangi, mafundi katika nchi nyingi walikuwa wakitoboa katriji na kuziunganisha na mirija kutoka kwenye vichupa vya pembeni. Epson walileta printa yao ya matangi kwanza Indonesia mwaka 2010, mahali ambapo mirija hiyo ilikuwa imeenea. Bei ya ukurasa ikashuka, na steshenari za Dar es Salaam zikahamia huko. Nyuma yake zimekuja chupa za wino za kila aina, na hapa nina msimamo mmoja tu: usichanganye. Wino mgeni unaweza kuwa mzuri, lakini ukikutana na wa zamani ndani ya mrija, chembechembe huweza kugandana, na kasoro yake haitaonekana kwenye ukurasa wa kwanza wala wa mia.

Printa ya leza haina vituko hivi. Tona ni unga wa plastiki unaoyeyushwa juu ya karatasi. Hautambai kwenye nyuzi, haujali tone la mvua, na tatu yake ni tatu. Lakini inapopasha moto hula umeme mamia ya wati, mara nyingine zaidi, wakati ya wino inaridhika na makumi, na hilo ni jambo kubwa kwa duka linaloendeshwa na jenereta ndogo siku ya mgao. Rangi ya leza ni ghali. Picha ya pasipoti kutoka leza haipendezi. Ndiyo maana steshenari nzuri za mjini zina zote mbili, na mhudumu huamua kwa kuitazama kazi. Ofisi inayoweza kununua moja tu ihesabu karatasi zake za mwezi mmoja, itenge zinazobaki kwenye faili na zinazopanda lori. Wakala wa forodha ambaye nusu ya karatasi zake zinavuka Tunduma hana sababu ya kuwa na printa ya wino mweusi wa kuyeyuka, hata akipewa kwa nusu bei.